Seramu inapoua bakteria: mwongozo kamili wa kipimo, kuanzia chupa ya damu hadi hesabu ya makoloni

Chukua seramu mbichi (majimaji yanayobaki damu ikishaganda) ya mtu mzima mwenye afya, tia humo E. coli wa maabara kiasi cha milioni moja kwa kila mililita, uiweke kwenye joto la nyuzi 37. Baada ya saa moja na nusu panda tone la mchanganyiko huo kwenye agari, jeli ya kuoteshea bakteria. Kesho yake huenda usikute koloni hata moja, yaani kundi linaloonekana kwa macho ambalo huanzia kwa bakteria mmoja. Hamkuwa na seli nyeupe wala dawa; kazi yote imefanywa na protini zilizoyeyuka kwenye seramu.

Kipimo hiki hakihitaji mashine za gharama, na ndicho kinachotumika mpaka leo kupima chanjo za homa ya uti wa mgongo. Lakini kinadanganya kwa urahisi. Wanafunzi wengi wakiona makoloni yamepungua huandika "komplimenti imeua", wakimaanisha kundi la protini hizo za seramu, na kufunga daftari. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya swali wanaloliruka: nani hasa ameua, na umejuaje?

Kwanza, elewa kinachoua

Mwishoni mwa miaka ya 1880, Hans Buchner wa Munich alionyesha kwamba seramu isiyo na seli inaua bakteria, na kwamba ukiipasha moto hadi nyuzi 55 uwezo huo hupotea. Mwaka 1895 Jules Bordet, Mbelgiji aliyekuwa akifanya kazi katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, alichukua seramu ya mnyama aliyechanjwa dhidi ya vijidudu vya kipindupindu na kuipasha moto. Ikaacha kuua. Akaongeza seramu mbichi kidogo ya mnyama ambaye hakuchanjwa, na ikaua tena. Kumbe vitu ni viwili: kingamwili, ambayo inastahimili moto na inamjua adui kwa sura, na kitu kingine kisichostahimili moto ambacho Paul Ehrlich alikuja kukiita komplimenti. Bordet alipewa Tuzo ya Nobel ya 1919. Jaribio lake ndilo hasa utakalolifanya wewe. Tofauti kubwa ni vyombo tu.

Komplimenti ni kundi la protini zaidi ya 30, na nyingi hutengenezwa na ini. Huamshwa kwa njia tatu. Ya kwanza huanza pale kingamwili, IgM au IgG, inaponata kwenye bakteria na protini ya C1q ikaishika. Ya pili huanza kwa protini inayotambua sukari za aina fulani juu ya bakteria. Ya tatu haimsubiri mtu: C3 hujifungua yenyewe kidogo kidogo muda wote, na ikikuta uso usio na ulinzi hushika hapo na kuongezeka haraka. Njia zote hukutana kwenye C3, ambayo kwa kawaida huzidi miligramu moja kwa mililita ya seramu. C3 hukatwa, kipande cha C3b hujifunga kwenye bakteria kwa kifungo kisichoachia, kisha C5 nayo hukatwa. Hapo C5b huunganishwa na C6, C7 na C8, halafu molekuli za C9 hadi 18 hujipanga duara na kutoboa tundu lenye upana wa nanometa 10 hivi.

Vitabu vingi huishia hapo, na hapo ndipo pa kuongeza umakini. Bakteria wa Gram-hasi ana tando mbili, na kati yake kuna ukuta mwembamba wa peptidoglikani. Tundu kwenye utando wa nje pekee halijamuua. Linafungua njia kwa lisozimu, kimeng'enya kilichomo kwenye seramu, kupita na kuutafuna ukuta, lakini kifo huja pale utando wa ndani unapoharibika. Mwaka 2019 kikundi cha Suzan Rooijakkers cha Utrecht, Uholanzi, kilionyesha kwamba hata tundu lenyewe halitoshi likijengwa hovyo: C5 lazima ikatwe palepale juu ya bakteria ndipo pete ijikite vizuri. Pete iliyoegeshwa tu juu ya utando haiui. Kwa hiyo mtu akikuonyesha C9 imenata kwenye bakteria, hiyo si hati ya kifo.

Bakteria wa Gram-chanya, kama Staphylococcus aureus, wana ukuta mnene, kwa hiyo pete haiufikii utando. Kwao seramu inafanya kazi ya kuwapaka C3b ili seli nyeupe ziwameze. Usiwatumie kwenye kipimo hiki ukitegemea wafe.

Chagua bakteria

Anza na E. coli wa ukoo wa K-12. Hana madhara kwa mtu mwenye afya, na minyororo ya sukari juu ya utando wake wa nje ni mifupi mno, kwa hiyo seramu inamuua vizuri. Ukishakuwa na mkono mzuri ndipo uende kwa Salmonella Typhimurium, ndani ya maabara ya usalama wa daraja la 2. Huyu ana minyororo mirefu ya sukari inayoifanya komplimenti ijengeke mbali na utando. Wengine wana mbinu zao: E. coli mwenye kapsuli ya K1 hujivika asidi ya sialiki inayofanana na ya mwili wetu, na bakteria wa homa ya uti wa mgongo, Neisseria meningitidis, hushika faktori H ya binadamu, protini inayoizima komplimenti, na kujifunika nayo.

Ukipata bakteria asiyekufa, usikimbilie kuilaumu seramu. Ndiyo maana K-12 awepo katika kila jaribio hata ukiwa umeshabobea: akifa yeye na mwenzake akabaki, unajua seramu ilikuwa hai.

Pata seramu iliyo hai

Majaribio mengi huharibikia hapa, kabla bakteria hajaguswa.

Kibali kwanza. Damu ya binadamu kwa ajili ya utafiti inahitaji idhini ya kamati ya maadili na ridhaa ya mtoaji. Tanzania ni kupitia NIMR au kamati ya taasisi yako, Kenya ni kamati iliyoidhinishwa pamoja na leseni ya NACOSTI. Kila damu ichukuliwe kana kwamba ina virusi vya UKIMWI na homa ya ini, hata ikiwa ni ya rafiki yako wa benchi.

Muulize mtoaji kama ametumia antibayotiki siku za karibuni, na uulize kwa majina, maana dawa iliyonunuliwa duka la mtaani kwa ajili ya mafua wengi hawaihesabu kuwa dawa. Anayeishi na VVU anaweza kuwa anameza Septrin kila siku. Dawa hiyo itakuwa ndani ya seramu, nayo itazuia au kuua bakteria wako bila komplimenti kuhusika.

Toa damu uiweke kwenye chupa ya kifuniko chekundu isiyo na kitu cha kuzuia kuganda. Chupa ya zambarau ina EDTA, ambayo hunyakua kalsiamu na magnesiamu, na bila hizo komplimenti haiamki. Ya kijani ina heparini, nayo huivuruga. Iache damu igande kwenye joto la kawaida la chumba kwa dakika 30 hadi 60. Ukiifupisha, nyuzi za fibrini zitaendelea kujitokeza baadaye na kuziba pipeti. Ukiiacha nusu siku kwenye chumba cha joto la Dar es Salaam, komplimenti itajimaliza yenyewe. Zungusha kwenye sentrifuji kwa nguvu ya 1,500 g, dakika 10, nyuzi 4 kama mashine yako inapoza.

Tazama rangi kabla ya kunyonya. Nzuri ni ya manjano hafifu, unaona mwanga kupitia kwake. Ikiwa na wekundu, chembe nyekundu zimepasuka: hemoglobini na chuma vimemwagika humo, na bakteria wanapenda chuma. Ikiwa kama maziwa, huenda mtoaji amekula mafuta muda si mrefu. Zote mbili ziweke pembeni.

Igawe mara moja kwenye vichupa vidogo vya mikrolita 200, juu ya barafu, kisha kwenye friza ya nyuzi hasi 80. Friza ya kawaida ya hasi 20 inafaa kutunza kingamwili, haifai kwa komplimenti. Kila kichupa kiyeyushwe mara moja tu, na kilichobaki kitupwe. Andika pia kila umeme unapokatika na friza kupanda joto. Seramu iliyoyeyuka usiku na kuganda tena alfajiri haionekani tofauti kwa macho, lakini imeshakufa. Ukiwa huna friza ya hasi 80, tumia seramu siku hiyohiyo uliyotoa damu, ikiwa juu ya barafu tangu itenganishwe. Matokeo yatakuwa mazuri kuliko ya seramu ya mwaka jana.

Andaa bakteria

Jioni chukua koloni moja, litie kwenye mililita 5 za LB (mchuzi wa kuoteshea bakteria), uliache usiku kucha kwenye nyuzi 37. Asubuhi zimua mara 100 kwenye LB mpya na usubiri kama saa mbili mpaka wafike OD600 ya 0.5 (kipimo cha mashine cha jinsi mchuzi ulivyojaa ukungu wa bakteria). Usitumie waliolala usiku kucha moja kwa moja: waliochoka na chakula huwa na uso tofauti na wale wanaogawanyika, na wengine tayari wamekufa ingawa mashine inawasoma.

Waoshe mara mbili kwa bafa (maji ya chumvi yanayotuliza pH) yenye kalsiamu na magnesiamu, kwa mfano ile iitwayo HBSS, iliyo nazo zote mbili. E. coli wa OD600 0.5 ni takriban milioni 400 kwa mililita. Zimua mara 40, yaani mikrolita 25 ndani ya 975, upate milioni 10 kwa mililita. Panda pia tone ili uthibitishe idadi hii kesho. Makadirio ya mashine yasiingie kwenye hesabu za mwisho.

Panga vichupa

Kila kichupa kitakuwa na mikrolita 100: seramu 80, nyongeza 10, bakteria 10. Asilimia ya seramu lazima iwe ileile popote ilipo, ndiyo maana kichupa kisicho na nyongeza ya maana hupewa bafa tupu.

Kichupa cha kwanza kina seramu mbichi na bafa. Cha pili kina seramu ileile iliyokaa nyuzi 56 kwa dakika 30 kwenye maji moto; joto hilo huharibu C2 na faktori B, protini mbili za komplimenti, hivyo mnyororo wote husimama, lakini kingamwili hubaki. Cha tatu hakina seramu, ni bafa tu. Hivi vitatu ni vya lazima.

Vinavyofuata vinakuambia njia iliyotumika. Cha nne kinapata EGTA pamoja na magnesiamu, kutoka kwenye akiba ya milimola 100 za EGTA na 70 za kloridi ya magnesiamu kwa lita. EGTA hushika kalsiamu na kuiacha magnesiamu. Njia ya kingamwili na ile ya sukari zinahitaji kalsiamu. Njia ya tatu inahitaji magnesiamu tu. Kwa hiyo wakifa hapa, njia ya tatu imeweza peke yake. Wakipona hapa lakini wakafa kwenye cha kwanza, wauaji walihitaji kalsiamu, na mshukiwa mkuu ni kingamwili. Rekebisha pH ya akiba hiyo iwe karibu 7.4, kwa sababu EGTA inaposhika kalsiamu huachia asidi.

Cha tano kinapata EDTA, milimola 10 kwa lita ikishachanganywa, inayozima njia zote tatu. Wengi hukitumia kama kontroli kuu, nami sikubaliani nao. EDTA yenyewe hulegeza utando wa nje wa Gram-hasi kwa kuondoa magnesiamu inayoushikilia, na lisozimu ya seramu ikipata mwanya huo inaweza kumdhuru bakteria. Ukikitumia, weka kando yake kichupa cha bafa na EDTA bila seramu.

Yeyusha seramu juu ya barafu, changanya kila kitu kikiwa baridi, bakteria waingie mwisho. Chukua mara moja mikrolita 10 kutoka kichupa cha bafa. Hiyo ndiyo idadi yako ya dakika 0. Peleka vyote kwenye nyuzi 37 vikitikiswa polepole.

Kuchukua sampuli na kuhesabu

Chukua mikrolita 10 kwenye dakika ya 45, 90 na 180. Koroga kwanza kwa voteksi, sekunde chache. Tia kwenye mikrolita 90 za bafa iliyopoa barafuni, kisha endelea kuzimua mara kumi kumi hadi hatua ya nne. Kutoka kila hatua dondosha matone matatu ya mikrolita 20 kwenye agari iliyokauka vizuri. Agari yenye unyevunyevu hufanya matone yaungane. Iache mpaka matone yafyonzwe, pindua sahani, inkubeta nyuzi 37 usiku kucha. Hesabu hatua ambayo kila tone lina makoloni yasiyozidi 30.

Mfano wa hesabu. Dakika 0, kwenye hatua ya tatu ya kuzimua, matone yametoa makoloni 22, 18 na 20. Wastani ni 20. Gawanya kwa mililita 0.02 upate 1,000, zidisha kwa 1,000 upate 1,000,000 kwa mililita. Dakika ya 90 seramu mbichi imetoa 4, 7 na 4 kwenye hatua ya kwanza: wastani 5, sawa na 2,500 kwa mililita. Kwa logi ya kumi, ambapo logi moja ni mara kumi, ni kutoka 6.0 hadi 3.4, upungufu wa logi 2.6. Koloni moja kwenye tone moja la hatua ya kwanza ni bakteria 500 kwa mililita, hivyo sahani tupu usiiandike "sifuri". Andika chini ya 500.

Soma matokeo kama mpelelezi

Seramu mbichi imeua, iliyopashwa moto haikuua: komplimenti imehusika. Hilo ndilo unalotarajia.

Zote mbili zimeua: tafuta antibayotiki. Dawa nyingi hazijali nyuzi 56. Njia rahisi ya kuthibitisha ni kudondosha seramu iliyopashwa moto kwenye kikaratasi cha duara juu ya agari iliyopandwa bakteria ambaye dawa humuua kirahisi, uone kama duara tupu litatokea.

Idadi haipandi wala haishuki: hapo hakuna aliyeuawa, kuna aliyezuiwa kukua. Transferini ya seramu hushika chuma na kuwanyima bakteria. Linganisha na dakika 0 kabla hujaandika neno kuua.

Imeshuka kidogo, tuseme nusu logi, kwenye mbichi na kwenye iliyopashwa moto: shuku kushikamana. Kingamwili ikiwaunganisha bakteria kumi katika donge moja, donge hilo hutoa koloni moja. Kwa sababu kingamwili hustahimili moto, kichupa cha pili kitaonyesha jambo hilohilo. Weka tone chini ya darubini uone madonge kwa macho yako.

Hakuna aliyekufa popote, hata K-12: seramu imekufa. Rudi kwenye friza.

Ukimaliza, vichupa na sahani vyote viingie kwenye otoklevu, nyuzi 121, dakika 30 kwa taka. Benchi lipigwe klorini ya asilimia 0.5, nayo iachwe dakika 10 kabla ya kufuta.

Kutoka benchi hadi kwa watoto wa Malawi

Mwaka 2008 Calman MacLennan na wenzake walitumia kipimo cha namna hii kwa seramu za watoto wa Malawi. Salmonella isiyo ya homa ya matumbo, ambayo kwingineko kwa kawaida husababisha kuharisha tu, Afrika huingia kwenye damu ya watoto wadogo na kuwaua. Waligundua kwamba wagonjwa wengi walikuwa chini ya miaka miwili, na kwamba watoto wengi wenye afya walio chini ya miezi 16 hawakuwa na kingamwili dhidi ya Salmonella hiyo. Komplimenti ya watoto hao ilikuwapo. Kilichokosekana ni cha kuielekeza. Ukitaka kuona hilo kwenye benchi lako, chukua seramu isiyoua, iongezee kingamwili kutoka seramu ya mtu mzima iliyopashwa moto, uone kama mauaji yanarudi. Ni Bordet tena.

Kwa homa ya uti wa mgongo uhusiano huu umekuwa kipimo rasmi. Mwaka 1969 Goldschneider na wenzake, wakifuatilia makuruta wa jeshi la Marekani, walionyesha kwamba waliokuwa na seramu inayoua hata ikizimuliwa mara 4 walikuwa na kinga. Kiwango hicho cha 1:4, kwa komplimenti ya binadamu, bado kinatajwa leo. Ukitumia komplimenti ya sungura namba hupanda, kwa sababu faktori H ya sungura haishikwi na bakteria huyo na hivyo anakosa ngao yake. Usilinganishe namba za aina hizi mbili.

Halafu kuna matokeo ya 2010, ya kikundi hichohicho, kwa watu wazima wa Malawi wanaoishi na VVU. Wengi wangetarajia seramu zao ziwe na kingamwili chache. Zilikuwa nazo nyingi mno, zikilenga sukari za utando wa nje wa Salmonella, na wingi huo ukazuia seramu kuua. Hata seramu ya mtu mwenye afya ilishindwa kuua ilipochanganywa nayo.

Kwa hiyo seramu isipoua, usiishie kuongeza kingamwili. Panga vichupa vingine vinne: seramu ya mgonjwa peke yake, seramu ya mtu mwenye afya peke yake, zote mbili nusu kwa nusu, na seramu ya mtu mwenye afya nusu kwa nusu na seramu yake mwenyewe iliyopashwa moto, ili kiasi cha komplimenti ya mtu mwenye afya kiwe sawa na cha kichupa cha tatu. Cha nne kikiua na cha tatu kikashindwa, seramu ya mgonjwa ina kizuizi. Izimue hiyo ya mgonjwa mara 10, kisha mara 100, kabla ya kuichanganya, na utazame ni hatua ipi mauaji yanarejea.